Deni la Kipaji

Usiku wa tarehe 24 Agosti 2019, katika uwanja wa Lucas Oil mjini Indianapolis, mechi ya kujiandaa na msimu ilikuwa inaelekea ukingoni. Indianapolis Colts walikuwa wakicheza na Chicago Bears, na matokeo hayakuwa na uzito kwa upande wowote. Andrew Luck, nyota wa Colts, hakuvaa jezi usiku huo. Alikuwa anauguza mguu, akasimama pembeni mwa uwanja akiwa na fulana, akizungumza na wenzake. Kabla mechi haijaisha simu zikaanza kuwaka majukwaani. Mwandishi mmoja wa michezo alikuwa ametoa habari mtandaoni kwamba Luck anastaafu. Alikuwa na umri wa miaka 29. Yeye mwenyewe alikuwa amepanga kutangaza siku iliyofuata. Mpira ulipokwisha, alipokuwa akitembea kuelekea vyumba vya kubadilishia nguo, sehemu ya mashabiki wakamzomea.

Muda si mrefu alikuwa mbele ya waandishi wa habari, machozi yakimlengalenga. Alieleza kuwa kwa miaka minne amekuwa akizunguka palepale: kuumia, maumivu, tiba, kisha kuumia tena, na kwamba mzunguko huo umemnyang'anya furaha ya mchezo. Alipoulizwa kuhusu kuzomewa, hakujifanya jasiri. Alikubali kwamba kumemuuma.

Nimeishi Indianapolis miaka kadhaa sasa, na kisa hiki nimekisikia kwa kinyozi, kwenye basi, na kazini wakati wa mapumziko. Wapo ambao hawajamsamehe mpaka leo. Mimi hunisumbua kitendo chenyewe cha kuzomea. Mtu hamzomei mpita njia. Tunamzomea mwizi aliyekamatwa, au mwanasiasa aliyeahidi maji ya bomba na miaka mitano ikapita. Kuzomea ni kudai. Sasa wale watu walikuwa wanamdai nini Andrew Luck? Na deni hilo, kama lipo, alilikopa lini?

Kwa msomaji aliyekulia kwenye soka kama mimi, inafaa kwanza nieleze kwotabeki ni nani. Katika mpira wa Kimarekani timu yenye mpira hupewa nafasi nne za kusogea yadi kumi. Kila nafasi huanza kwa mpira kupitishwa nyuma, kati ya miguu ya mchezaji wa katikati, mpaka mikononi mwa kwotabeki. Kuanzia hapo ana sekunde mbili au tatu. Ndani ya muda huo anatakiwa atazame mbali, aone ni mwenzake yupi amepata upenyo, na amrushie mpira mahali ambapo huyo mwenzake bado hajafika. Wakati huohuo wanaume wenye uzito wa kilo 120 na zaidi wanamkimbilia wamwangushe. Wenzake watano husimama mbele yake kama ukuta, na ukuta ukibomoka, yeye ndiye anayepigwa. Makocha huwafundisha makwotabeki jambo linalopingana na silika ya kila kiumbe: usiwatazame wanaokujia. Kwotabeki mzuri ni yule anayeweza kusimama pale akijua kwamba anakwenda kupigwa, na bado asiachie mpira kabla ya wakati wake.

Luck alizaliwa ndani ya kazi hii. Baba yake, Oliver Luck, alikuwa kwotabeki wa Houston Oilers miaka ya 1980, kisha akawa kiongozi katika jaribio la kuupeleka mchezo huu Ulaya. Ndiyo sababu Andrew aliishi Frankfurt na London utotoni, mahali ambapo watoto wenzake walikuwa wakipiga mpira wa duara. Baadaye familia ilirudi Texas, naye akaenda Chuo Kikuu cha Stanford, California, kusomea usanifu wa majengo. Mwaka 2011 kila mtu alijua kwamba akiondoka chuoni atakuwa wa kwanza kuchaguliwa na timu za kulipwa. Hakuondoka. Alibaki mwaka mmoja zaidi ili amalize masomo na acheze na wenzake. Watu walimsifu kwa uamuzi huo. Nautaja kwa sababu ni uamuzi wa aina ileile na wa mwaka 2019: kijana aliyeambiwa kuwa wakati wake umefika, akajibu kwamba wakati wake atauamua mwenyewe. Mara ya kwanza tuliuita ukomavu.

Mwaka 2012 Colts wakamchukua, akiwa wa kwanza katika orodha nzima. Msimu uliotangulia timu hiyo ilikuwa imeshinda mechi mbili na kupoteza 14. Kwotabeki wao mkuu, Peyton Manning, alikuwa nje mwaka mzima kwa matatizo ya shingo, na Machi 2012 wakamwachia aende zake. Luck alipofika, mechi mbili zikawa 11. Mwaka uliofuata 11 tena, na uliofuata 11 tena. Tarehe 4 Januari 2014, katika mechi ya mtoano dhidi ya Kansas City Chiefs, Colts walikuwa nyuma 38 kwa 10 baada ya mapumziko. Katika robo ya mwisho mwenzake mmoja aliangusha mpira karibu kabisa na mstari wa goli. Luck akauokota, akajitupa nao mbele katikati ya miili mikubwa kuliko wake, akafunga. Colts walishinda 45 kwa 44. Katika mji huu mtu akikusimulia usiku ule hukuonyesha na kiti alichokuwa amekalia.

Mabeki wa timu pinzani wana masimulizi mengine juu yake. Wanasema ukimwangusha Luck kwa nguvu zako zote, yeye huinuka na kukupongeza: umenipiga vizuri. Wengi wao walichanganyikiwa, wakidhani ni dharau. Haikuwa dharau. Alikuwa mtu anayeona kazi nzuri hata inapofanyika juu ya mbavu zake.

Na mbavu zililipa. Katika misimu yake mitano ya kwanza alidakwa na kuangushwa akiwa na mpira mkononi mara 156, bila kuhesabu mapigo aliyopata baada ya kuuachia. Septemba 2015 bega lake la kulia, lile la kurushia, liliumia. Novemba mwaka huohuo, katika mechi dhidi ya Denver, alipigwa katika robo ya nne. Figo ikachanika na msuli wa tumbo ukakatika kwa sehemu. Alimaliza mechi, na Colts wakashinda. Mwaka 2016 alicheza mechi 15 na bega bovu, na mechi moja aliyokosa ilikuwa kwa sababu ya mtikisiko wa ubongo. Januari 2017 alifanyiwa upasuaji wa bega. Mwaka mzima wa 2017 hakucheza hata mechi moja, na akafika mpaka Uholanzi kutafuta tiba. Mwaka 2018 akarudi, na kurudi kwenyewe kulikuwa kwa ajabu: timu ilianza kwa kupoteza tano kati ya mechi sita, ikamaliza ikiwa imeshinda kumi, yeye akarusha pasi 39 za kufunga na kupewa tuzo ya mchezaji aliyerejea vizuri zaidi. Ndipo mwaka 2019 likaanza tatizo la mguu, kwanza misuli ya nyuma ya goti kwenda chini, kisha kifundo. Miezi ikapita na mguu haukupona.

Turudi kwa waliozomea, na tuwape haki yao, kwa sababu ni rahisi mno kuwacheka. Hawa si watu waliofika kutoka sayari nyingine kuja kula nyama ya mtu. Uwanja ule ulifunguliwa mwaka 2008 kwa gharama ya takriban dola milioni 720, na sehemu kubwa ilikuwa fedha za umma. Hata kodi ya chakula cha mgahawani ilipandishwa kwa ajili yake, kwa hiyo mtu ambaye hajawahi kutazama mechi anauchangia kila anaponunua kuku wa kukaanga. Shabiki alinunua jezi yenye namba 12. Alinunua tiketi za msimu mzima, na msimu ulikuwa umebakiza wiki mbili kuanza. Wenzake Luck walikuwa wamefanya mazoezi miezi kadhaa katika mpango uliomzunguka yeye. Kuna watu ambao Jumapili ndiyo siku pekee ya wiki wanayojisikia kuwa sehemu ya kitu. Walipoteza kitu cha kweli usiku ule, na aliyepoteza ana haki ya kulia.

Lakini kulia na kudai ni mambo mawili. Mtu hudaiwa kwa sababu ya ahadi, au kwa sababu ya fadhila aliyopokea. Tuanze na ahadi. Ahadi ya Luck iliyoandikwa ilikuwa kwa mwajiri wake: mkataba wa mwaka 2016 wenye thamani ya hadi dola milioni 140, mkubwa kuliko wowote katika ligi wakati ule. Kwa mkataba huo klabu ingeweza kumdai arudishe zaidi ya dola milioni 24 za bonasi. Haikumdai. Mwenye deni la karatasi alilifuta yeye mwenyewe, na deni likifutwa na anayelidai, majirani hawana cha kuongeza. Kwa mashabiki hakukuwa na ahadi. Kulikuwa na matumaini, na matumaini ni mali ya anayetumaini. Nikitumaini kuwa mvua itanyesha Ijumaa, mvua haijanikopa chochote.

Kuna ahadi nyingine katika kisa hiki ambayo haisemwi sana. Luck alieleza usiku ule kwamba baada ya msimu wa 2016, alipocheza na maumivu na kushindwa hata kufanya mazoezi ipasavyo, alijiapia kwamba hatapita njia ile tena. Mwaka 2019 alijikuta mlangoni mwa njia ileile. Wanafalsafa wameshuku kwa muda mrefu ahadi ambayo mtu anajipa mwenyewe. Thomas Hobbes alishikilia kuwa aliyefungwa na nafsi yake tu hajafungwa, kwa kuwa anaweza kujifungua saa yoyote atakayo. Hoja hiyo ina nguvu ukiitazama kwenye karatasi. Katika maisha naona kinyume chake. Ahadi tunazojipa ndizo wengine wanaozikanyaga wa kwanza, kwa sababu hakuna mlalamikaji. Mtu akisema amemwahidi mwanawe, watu humpisha. Akisema amejiahidi mwenyewe, wanamwambia aache ubinafsi. Kiswahili kina neno nadhiri, na wazee wetu, Waislamu na Wakristo, hawakuliona kuwa jepesi kwa sababu tu hakuna binadamu wa kulidai. Nadhiri ya Luck ilikuwa na shahidi, nao ni mwili wake uliokuwepo mwaka 2016. Kuitimiza kulimgharimu umaarufu, fedha na upendo wa mji. Kama huko si kufungwa na neno lako, sijui kufungwa ni nini.

Linabaki deni la fadhila, nalo ndilo gumu. Watu husema: kipaji kile hakikuwa chake peke yake, alipewa. Hata lugha yetu inakubaliana nao, maana kipawa ni kile ulichopawa. Wasomaji wa Injili watakumbuka mfano wa talanta, na yule mtumishi aliyefukia talanta yake ardhini akahukumiwa. Immanuel Kant naye alitoa mfano wa mtu mwenye uwezo anayeuacha uoze kwa kupenda starehe, akasema mtu huyo hawezi kutaka kwa akili timamu kwamba kila mmoja afanye vivyo hivyo.

Nazichukulia hoja hizi kwa uzito. Ila mtumishi wa Injili alifukia kwa sababu ya woga, kabla hajafanya biashara yoyote. Luck alifanya biashara na talanta yake mpaka figo ikachanika. Na Kant, ukimsoma hadi mwisho, hakuwa akisema kwamba kipaji kimoja kitumike njia moja mpaka kife. Wajibu wa kukuza uwezo wetu aliuacha na nafasi pana ya kuchagua lini, wapi na kwa kiasi gani. Usichoruhusiwa ni kumtumia mtu kama chombo tu, na katazo hilo linakuhusu wewe mwenyewe pia. Nadhani lugha yetu ililiona hili mapema. Neno kipaji lina maana mbili kwetu: ni uwezo wa kuzaliwa nao, na ni paji la uso, mahali unapoweka mkono mtoto akiwa na homa. Katika mchezo huu maana hizo mbili hazitenganishwi. Ukikitumia kipaji cha kwanza, unakilipia kwa kipaji cha pili.

Malipo hayo tunayajua sasa kuliko zamani. Mwaka 2002 daktari kutoka Nigeria, Bennet Omalu, alipasua mwili wa Mike Webster mjini Pittsburgh. Webster alikuwa mchezaji wa katikati aliyechukua ubingwa mara nne na Steelers, akafa akiwa na miaka 50 baada ya miaka ya kuchanganyikiwa. Omalu alikuta katika ubongo wake ugonjwa unaoitwa kwa kifupi CTE, unaohusishwa na kupigwa kichwani mara nyingi. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Boston walitangaza kuwa kati ya bongo 111 za wachezaji wa zamani wa NFL walizozichunguza, 110 zilikuwa na ugonjwa huo. Ni lazima iongezwe kwamba bongo zile zilitolewa na familia, na nyingi za familia hizo zilikuwa tayari zimeona dalili; kwa hiyo takwimu ile haisemi ni wachezaji wangapi kwa jumla wanaugua. Lakini inatosha kumfanya mtu mwenye miaka 29 na mtikisiko wa ubongo katika kumbukumbu zake akae na kutafakari.

Na klabu yenyewe ina historia ya kutafakari. Kabla ya kuwa ya Indianapolis, Colts ilikuwa ya Baltimore, na kwotabeki wake mkubwa alikuwa Johnny Unitas, aliyeipa ubingwa mwaka 1958 na 1959. Unitas alikuwa mfano wa mtu asiyeacha. Alicheza misimu 18. Uzeeni mkono wake wa kulia, uliorusha mipira ile yote, ulikufa ganzi na vidole vikaacha kumtii. Mashabiki wa Baltimore walimpenda mpaka mwisho, na wana sanamu yake. Lakini upendo wao haukumrudishia vidole.

Usiku wa kuamkia tarehe 29 Machi 1984, mmiliki wa Colts alipakia mali zote za klabu kwenye malori ya kuhamisha mizigo na kuondoka Baltimore gizani, bila kuaga. Indianapolis iliyapokea malori hayo kwa shangwe. Miaka 28 baadaye klabu ikamwachia Manning, aliyeijenga upya, kwa kuwa shingo yake ilikuwa na shaka na bonasi yake ilikuwa kubwa. Watu walihuzunika, wakaelewa: ni biashara. Nikiweka matukio haya kando ya usiku wa Agosti 2019, naona mizani yenye upande mmoja. Klabu ikiuacha mji, ni biashara. Klabu ikimwacha mchezaji, ni biashara. Mchezaji akiiacha klabu ili aweze kumbeba mwanawe bila maumivu, ni usaliti. Mtangazaji mmoja wa michezo aliandika usiku uleule kwamba kuacha kazi kwa kuchoshwa na matibabu ni tabia ya vijana wa siku hizi.

Marafiki zangu tunaofanya kazi pamoja huniachia niseme yote haya, kisha huniuliza swali moja: angekuwa hana zile fedha, angeacha? Inakadiriwa kuwa Luck aliondoka na karibu dola milioni 100 alizopata katika miaka saba. Haki ya kusema imetosha, wananiambia, huuzwa, na bei yake ndiyo hiyo. Swali hili siwezi kulikwepa, kwa sababu lina jina la mtu wa nyumbani kwetu.

Kaka yangu alinitangulia kuja hapa. Alifanya kazi usiku katika ghala moja nje kidogo ya mji, upande wa uwanja wa ndege, akiinua maboksi saa kumi kwa zamu. Alikuwa hodari, wasimamizi walimweka kwenye mstari wa mizigo mizito kwa kuwa hakuwa akilalamika. Mwaka wa tatu bega lake la kulia likaanza kugoma. Daktari alimwambia apumzike wiki sita. Alipumzika siku nne. Nyumbani Tanga mdogo wetu wa kike alikuwa chuo, na ada yake ilikuwa imeegemea bega lile. Mama akipiga simu alikuwa akisema, "Jikaze kisabuni, mwanangu." Alisema kwa mapenzi. Yeye mwenyewe alijikaza hivyo miaka yote ya kutulea. Lakini sabuni haikui kwa kujikaza. Kila siku inatoa povu, kila siku inapungua, na siku ikiisha tunafungua nyingine.

Mwaka uliofuata kaka aliacha. Hakuitisha mkutano na waandishi. Aliandika kwenye kundi la familia la WhatsApp sentensi mbili: kwamba mkono haupandi tena juu ya kichwa, na kwamba kazi ile hairudii. Kukawa kimya siku nzima. Kisha baba mdogo akajibu kuwa vijana wakishafika majuu wanalainika. Nilipoisoma nilishangaa jinsi sentensi ileile inavyoweza kuvuka bahari bila pasipoti.

Hata hivyo, sitasema kwamba kaka na Luck ni kitu kimoja. Kaka alikuwa na deni. Alikuwa amemtamkia mdogo wetu, kwa mdomo wake, kwamba atamsomesha mpaka amalize. Alipoacha, hasara haikuwa ya burudani ya Jumapili. Ilikuwa ya msichana mmoja mwenye jina, aliyeahirisha muhula. Ahadi ya kweli hailipuki kwa sababu aliyeitoa ameumia. Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema kila mtu ana haki ya kuondoka akijisikia, na basi. Wapo wanaobaki na gharama.

Ila tazama deni lile lilikuwa la nini. Kaka aliahidi ada, hakuahidi bega. Sisi ndio tuliounganisha hayo mawili, kwa sababu ilikuwa rahisi, na kwa sababu bega lilikuwa la mtu mwingine. Tulipoyatenganisha, ikaonekana kwamba ada ingeweza kulipwa na watu watatu: mimi nikachukua sehemu, mjomba wa Dar es Salaam sehemu, na kaka akaendelea kutoa kidogo kutoka kazi yake mpya ya ukalimani wa simu, anayoifanya ameketi, akitafsiri kati ya wagonjwa wanaosema Kiswahili na madaktari wao. Inalipa pungufu. Mdogo wetu alirudi chuo muhula uliofuata.

Hilo ndilo jibu langu kwa marafiki. Ni kweli Luck alikuwa na fedha za kununulia haki yake, na wengi hawana. Hoja hiyo haimhukumu Luck. Inatuhukumu sisi tunaomzunguka asiye na fedha. Mtu maskini anayeumia huwa na uhuru wa kuacha kadiri wengine walivyo tayari kubeba. Tusipobeba, tunamwambia kwa upole kilekile ambacho uwanja ulimwambia Luck kwa sauti.

Watu hupenda kuhitimisha kisa cha Luck kwa habari njema. Alirudi Stanford kusomea shahada ya pili, katika elimu, na mwishoni mwa 2024 chuo hicho kilimteua kuwa meneja mkuu wa timu yao ya mpira. Wanasema: unaona, kipaji hakikupotea. Nami nafurahi. Lakini sipendi habari hiyo itumike kama risiti. Angekaa nyumbani miaka yote hii akipika na kusoma vitabu, na asionekane tena uwanjani, uamuzi wa Agosti 2019 ungekuwa halali vilevile.

Kama alidaiwa kitu na mashabiki, nadhani ilikuwa kwaheri. Baada ya miaka saba, mtu hawaagi waliompenda kwa kutoroka na malori usiku. Kwaheri hiyo alikuwa ameiandaa kwa siku iliyofuata. Habari ikavuja, na wao wakaondoka nayo kabla hajaitoa.

Mama bado anapiga simu kila Jumapili. Neno la kujikaza amelipunguza. Siku hizi huanza kwa kuuliza bega linaendeleaje, ndipo yafuate mengine.